Kima cha chini cha mshahara: safari ya amri moja hadi Igoma

Kima cha chini cha mshahara ni kiasi ambacho mwajiri haruhusiwi kulipa pungufu yake, hata kama mfanyakazi mwenyewe ameridhia. Ndiyo maana maelewano ya mlangoni, yale ya "utaanza na hiki kwanza, tutaangalia mbele ya safari", hayana nguvu mbele ya sheria iwapo hicho cha kuanzia kiko chini ya kiwango. Tanzania Bara kiwango hicho hakipigiwi kura bungeni kila kinapobadilika. Bunge lilimaliza kazi yake lilipotunga Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, ambayo inampa waziri mwenye dhamana ya kazi mamlaka ya kutoa Amri ya Mshahara na kuichapisha katika Gazeti la Serikali.

Amri ya karibuni ni ile iliyochapishwa tarehe 13 Oktoba 2025 kwa Tangazo la Serikali Na. 605A, siku 16 kabla ya Uchaguzi Mkuu, ianze kutumika tarehe 1 Januari 2026. Waziri wa wakati huo, Ridhiwani Kikwete, alieleza kuwa kima cha chini cha sekta binafsi kimepanda kwa asilimia 33.4, kutoka wastani wa shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Mwenye kikokotoo mkononi ataona kwamba wastani hizo mbili zimepishana kwa asilimia 30 tu na kidogo. Si lazima pawe na kosa: wastani wa nyongeza za sekta mbalimbali si kitu kimoja na nyongeza ya wastani. Jambo la kukumbuka ni kwamba hakuna mtu anayelipwa wastani. Mtu hulipwa kiwango cha sekta yake, na sekta zimeachana sana.

Igoma ni mahali pazuri pa kuitazama tofauti hiyo. Ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, pembezoni mwa Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Magu na Musoma. Watu wake hufanya kazi za kila aina: wauza maduka ya jumla na ya rejareja, wahudumu wa baa na nyumba za wageni, walinzi wa usiku, mafundi gereji na saidia fundi, madereva na makonda, walimu wa shule binafsi, dada wa kazi, na vibarua wanaoamkia viwanda vya upande wa Nyakato. Wapo pia ambao riziki yao hutoka ziwani, kwa sangara na dagaa. Katika mtaa mmoja, nyumba tatu zinazofuatana zinaweza kuwa na watu wa sekta tatu, na kwa hiyo viwango vitatu.

Amri ya mwaka 2022, iliyotumika kuanzia 1 Januari 2023 hadi mwisho wa 2025, inaonesha mpangilio huo wazi. Mfanyakazi wa benki au taasisi nyingine ya fedha hakutakiwa kulipwa chini ya shilingi 592,000 kwa mwezi. Mwajiriwa wa uvuvi na huduma za majini alikuwa na 238,000, mwalimu na mtumishi wa shule binafsi 207,000, wa biashara na viwanda 150,000, mlinzi wa kampuni ndogo 148,000, mfanyakazi wa kilimo 140,000. Chini kabisa alikaa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake: shilingi 60,000. Kati yake na karani wa benki kulikuwa na tofauti ya takriban mara kumi, na wote wawili hununua unga soko lilelile.

Mfumo huu wa sekta ni uchaguzi, si sheria ya maumbile. Kenya hupanga viwango kwa kazi na kwa mahali, hivyo kibarua wa Nairobi, Mombasa au Kisumu ana kiwango tofauti na mwenzake wa mji mdogo. Tanzania mahali hapahesabiki: mhudumu wa duka Igoma na mhudumu wa duka Kariakoo wana kiwango kimoja, ingawa kodi za vyumba vyao hazilingani hata kidogo. Zanzibar nako mambo ya kazi si ya Muungano, na visiwa hivyo vina Sheria ya Ajira yao Na. 11 ya mwaka 2005 na viwango vyao wenyewe.

Kiwango huanzia katika bodi za mishahara. Waziri huziunda kwa sekta, na ndani yake hukaa wawakilishi wa waajiri, wa vyama vya wafanyakazi na wa serikali. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, huja na hoja za gharama za uzalishaji. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, TUCTA, pamoja na vyama vya sekta kama TUICO cha viwanda na biashara na CHODAWU cha mahoteli na kazi za majumbani, huja na bei za sokoni. Sheria inaitaka bodi ipime gharama za maisha, uwezo wa mwajiri kuendelea na biashara, hali ya biashara ndogondogo na athari kwa ajira. Kisha hupendekeza, na waziri huamua. Kwa kuwa mizani hiyo ina pande nyingi, matokeo yake mara nyingi ni kiasi ambacho mwajiri mdogo hukiona kikubwa na mfanyakazi hukiona kichekesho.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na sheria ya mishahara tangu mwaka 1939, lakini hatua kubwa ya kwanza ya nchi nzima ilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1962, Waziri Mkuu akiwa Rashidi Kawawa, aliyekuwa kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, serikali iliunda bodi chini ya Mwingereza Donald Chesworth. Bodi hiyo ilipendekeza kima cha shilingi 150 kwa mwezi kwa Dar es Salaam, na viwango vya chini zaidi kwa miji mingine na mashambani. Mishahara ilipanda kwa kishindo. Katika miaka iliyofuata, idadi ya walioajiriwa ilishuka, hasa katika mashamba ya mkonge, ambayo yalikuwa mwajiri mkubwa kuliko wote. Wenye mashamba waliilaumu amri. Bei ya mkonge kwenye soko la dunia, iliyoporomoka baada ya mwaka 1964, ilikuwa na lawama zake pia, na kuitenganisha sababu moja na nyingine si kazi rahisi hata leo. Lakini kumbukumbu hiyo ilikaa. Ripoti ya Profesa Turner ya mwaka 1967, iliyoandaliwa kupitia Shirika la Kazi Duniani, ilionya kuwa mishahara ya mjini inakimbia mbali na kipato cha mkulima, na serikali ikaanza kuibana.

Ubishi huo wa mishahara na ajira haujaisha popote duniani. Marekani kiwango cha shirikisho kimekwama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, na majimbo mengi yamejitungia sheria zao za juu zaidi. Jimbo la New Jersey lilipopandisha kiwango chake mwaka 1992, wachumi David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya huko na ya jimbo jirani la Pennsylvania, wasione kuwa ajira ilipungua. Utafiti huo ni miongoni mwa kazi zilizompatia Card Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ni vizuri kuukumbuka, ila kwa tahadhari. Migahawa ya New Jersey ilikuwa na daftari la mishahara lililoweza kuhesabiwa. Mwenye mgahawa wa Igoma akizidiwa na kiwango kipya si lazima amfukuze mtu. Humgeuza kuwa deiwaka, mtu wa leo, ambaye kesho anaweza kuitwa au asiitwe. Ajira haijapungua kwa idadi ya vichwa. Kilichopungua ni ajira yenyewe.

Amri inamtambua hata huyo wa leo. Viwango vyake hutajwa kwa mwezi, kwa wiki mbili, kwa wiki, kwa siku na kwa saa, kusudi kibarua asiachwe nje. Kiwango cha biashara na viwanda cha 150,000, kikigawanywa kwa siku 26 za kazi, kilikuwa takriban shilingi 5,770 kwa siku. Kibarua wa kiwandani aliyelipwa chini ya hapo kwa kutwa nzima alipunjwa, awe ameandikwa au hajaandikwa.

Hata hivyo udhaifu mkubwa wa kima cha chini Tanzania Bara umekuwa katika kalenda kuliko katika asilimia. Amri zilitolewa mwaka 2007, 2010 na 2013. Kisha ukimya. Amri ya 2013, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, iliendelea kuwa sheria hadi mwisho wa Desemba 2022, miaka tisa na nusu. Mfanyakazi wa biashara aliingia kipindi hicho na kiwango cha shilingi 115,000 na akatoka nacho kikiwa 150,000, nyongeza ya asilimia 30. Wa kilimo alitoka 100,000 hadi 140,000. Wa uvuvi alitoka 200,000 hadi 238,000, asilimia 19 tu.

Sasa ziwekwe bei kando yake. Mfumuko wa bei nchini ulikuwa juu ya asilimia 5 kila mwaka kutoka 2014 hadi 2017, na juu ya asilimia 3 kila mwaka kutoka 2018 hadi 2022. Kwa hesabu ya kubana kabisa, ukichukua 5 kamili kwa miaka minne ya kwanza na 3 kamili kwa mitano iliyofuata, kitu kilichogharimu shilingi 100 kilifika shilingi 140. Hesabu halisi ni kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba siku amri mpya ilipoanza kutumika, Januari 2023, ikipokelewa kama nyongeza, muuza duka alikuwa na kiwango kinachonunua vitu vichache kuliko kile cha 2013, na mwajiriwa wa uvuvi alikuwa mbali zaidi nyuma. Nyongeza kubwa baada ya muongo si ukarimu; ni deni linalolipwa kwa kuchelewa, tena bila kufika kamili. Kwa kipimo hicho, jambo la maana katika amri ya 2025 ni kwamba imekuja miaka mitatu tu baada ya iliyotangulia, kuliko hiyo asilimia iliyopambwa kwenye vichwa vya habari.

Majirani wanaonesha ncha mbili za jambo hili. Kenya nyongeza hutangazwa mara nyingi zaidi: asilimia 12 mwaka 2022, kisha asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, ambayo ilikifikisha kiwango cha kibarua wa Nairobi kwenye shilingi za Kenya 16,113.75. Uganda kiwango cha kisheria kimebaki shilingi za huko 6,000 kwa mwezi tangu mwaka 1984, kiasi kisichotosha hata mlo wa siku mbili mjini Kampala. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais Yoweri Museveni akakataa kuutia saini.

Kuna mkanganyiko mmoja unaojirudia kila Mei Mosi na unaofaa kuondolewa. Nyongeza ambazo rais hutangaza uwanjani siku hiyo ni za watumishi wa umma. Hazimhusu mlinzi wa kampuni wala mhudumu wa baa. Mwanza inaukumbuka mfano wake. Tarehe 1 Mei 2021 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika katika Uwanja wa CCM Kirumba, na Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na wiki chache madarakani, aliwaambia wafanyakazi kuwa hali ya uchumi haikuruhusu kupandisha mishahara mwaka huo, akaahidi mwaka ufuatao. Alichowapa siku hiyo ni kushusha kodi ya mshahara ya daraja la chini kutoka asilimia 9 hadi 8. Mwaka 2022 kima cha chini cha serikali kilipanda kwa asilimia 23.3, kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000, na Mei Mosi ya 2025 mjini Singida ikatangazwa kuwa kuanzia Julai kingekuwa 500,000. Mtumishi wa umma na mwajiriwa wa duka hushangilia uwanja mmoja, lakini mishahara yao huamuliwa meza mbili tofauti.

Meza zote mbili, hata hivyo, haziwafikii watu wengi wa ukanda wa ziwa. Wavuvi wengi hawana mshahara wa mwezi. Katika mtumbwi wa sangara au wa dagaa hutolewa kwanza gharama za safari: mafuta, barafu, matengenezo ya nyavu, taa. Kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri mwenye chombo na wavuvi wake. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, na hakuna anayelipwa. Mgawo wa namna hii una akili yake, kwa sababu ziwa halitoi samaki kwa ratiba, lakini humfanya mvuvi abebe hasara kama mshirika na kuamrishwa kama mwajiriwa. Daladala za Igoma zina sura hiyohiyo. Dereva humpelekea mwenye gari hesabu ya siku, kiasi maalumu bila kujali abiria walikuwa wangapi, na kinachobaki ndicho anachogawana na konda wake. Siku mbaya hesabu inakamilika na mfuko unabaki mtupu. Kwa sheria amri ina kiwango cha uchukuzi. Barabarani kinachojulikana ni hesabu.

Mlinzi yuko ndani ya sheria, ila saa zake hazimo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, zisipite 50 katika wiki nne, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Mlinzi anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, hata akitolewa saa moja ya mapumziko, hufanya saa 66. Ziada ni saa 21 kwa wiki, 84 kwa wiki nne, nje kabisa ya kikomo. Kwa kiwango cha 148,000 cha amri ya 2022, ambacho kilikuwa takriban shilingi 759 kwa saa, ziada hiyo peke yake ilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 95,000. Kampuni iliyolipa 148,000 kamili kwa lindo hilo, na kujisifu kuwa inafuata kima cha chini, ililipa pungufu ya theluthi mbili ya deni lake.

Dada wa kazi ndiye aliye mbali zaidi na Gazeti la Serikali. Wengi wanaofanya kazi Mwanza hutoka vijijini wakiwa wadogo, huletwa na ndugu au dalali, na mshahara wao hupangwa bila wao kuwepo. Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye chini ya 18 asipewe kazi ya hatari. Mwanza ina shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na watu waliowahi kufanya kazi za majumbani wenyewe, ambalo huwatetea vijana hawa. Kazi yake ni ngumu kwa sababu mahali pa kazi ni sebule ya mtu, na hata mwajiri anayedai haki yake mwenyewe kazini mara nyingi humwona dada wa nyumbani kama mtu wa kusaidiwa, si mfanyakazi wa kulipwa. Chakula na kitanda huhesabiwa kuwa hisani.

Kwa wanaolipwa rasmi, kiasi kinachofika mkononi ni pungufu kidogo ya kilichoandikwa. Mchango wa mfanyakazi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hufikia asilimia 10, hivyo 150,000 hubaki 135,000. Kodi ya mapato haiwagusi wa viwango vya chini, kwa kuwa huanzia mapato yanayozidi shilingi 270,000 kwa mwezi. Mwajiri aliyekuwa akilipa zaidi ya kiwango haruhusiwi kuitumia amri mpya kama kisingizio cha kushusha.

Wa kuhakikisha haya ni maafisa kazi, ambao sheria inawaruhusu kuingia mahali pa kazi, kukagua kumbukumbu na kumwamuru mwajiri atekeleze. Kwa upande wa mfanyakazi, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Mwanza, ambako shauri hufunguliwa bila ada na huanza kwa usuluhishi kabla ya uamuzi. Asiye na mkataba wa maandishi asirudi nyuma kwa hofu ya kukosa ushahidi. Ni wajibu wa mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaonesha mbele ya tume, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye. Kinachowaangusha wengi ni muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na wa malipo pungufu ndani ya siku 60 tangu haki ilipovunjwa. Atakayepitisha muda huo italazimu kwanza aiombe tume imruhusu, kwa sababu zinazokubalika.